Nyama ya kukaanga na mboga kwa mwenye upungufu wa damu

Ukiambiwa kliniki kwamba damu ya mwanao imeshuka, au wewe mwenyewe ni mjamzito na hamu ya kula pemba haikuachi, bila shaka umeshauriwa kula nyama na mboga za majani. Ushauri ni mzuri. Kazi huanza jioni. Umefunga biashara sokoni Katoro saa moja, mkaa ni wa kuhesabu, na nyama ya ng'ombe wa kienyeji inataka muda mrefu jikoni ndipo ilainike. Unapika mchicha peke yake, nyama inasubiri Jumapili.

Si lazima isubiri. Nusu kilo ya steki ikikatwa vizuri huiva kwa kama robo saa, mboga zikiwemo, na inatosha watu watano.

Tatizo lenyewe si dogo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015/16 ulikuta upungufu wa damu kwa asilimia 58 ya watoto wa miezi 6 hadi 59, na asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49. Malaria na minyoo vinachangia, lakini na sahani ina sehemu yake. Madini ya chuma yaliyo kwenye mchicha na maharage mwili huyachukua kwa shida. Ukila pamoja na nyama, hata kidogo, na kitu chenye vitamini C kama hoho au ndimu, unayapata zaidi.

Kabla ya kuwasha jiko, tazama karai. Mkoani Geita karai ni chombo cha jikoni na cha machimboni pia. Kama liliwahi kuchomewa dhahabu yenye zebaki, lisipikiwe chakula tena, hata lisuguliwe kwa mchanga na sabuni. Wala zebaki isichomwe nyumbani. Mvuke wake hauonekani wala haunuki, huingia kwa pumzi na kudhuru ubongo na figo, na mtoto aliye tumboni ndiye yuko hatarini zaidi.

Sasa nyama. Nunua iliyogongwa muhuri wa mkaguzi. Tazama nyuzi zake zinavyolala, kisha kata kwa kuzikatisha, vipande vyembamba kama penseli; hapo ndipo ulaini unapopatikana. Changanya na tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, acha dakika 20 huku ukikata kitunguu, karoti, hoho na kabichi. Mkaa ukiwa mwekundu, pasha vijiko viwili vya mafuta, kaanga nusu ya nyama kwanza, itoe, kisha nusu ya pili. Ukimwaga yote kwa mkupuo itatoa maji, ichemke badala ya kukaangika, na iwe ngumu kama soli. Hakikisha haina wekundu ndani, maana nyama mbichi huleta tegu. Kaanga mboga dakika tatu, karoti zikitangulia, rudisha nyama, tia chumvi kidogo, ipua, ndipo ukamulie ndimu.

Mtoto aliyeanza kula vyakula vya nyongeza mtwangie nyama yake kwenye kinu hadi ilainike kabisa, uchanganye na ugali laini. Vipande vizima vinaweza kumkaba. Chai isiandamane na mlo huu, maana hupunguza madini yanayofyonzwa; inywe baada ya saa moja au mbili.

Chakula hiki hakichukui nafasi ya vidonge ulivyopewa kliniki. Mwenye selimundu, na Kanda ya Ziwa wako wengi, asianze vidonge vya madini ya chuma bila daktari. Mtoto mwenye viganja vyeupe, anayehema haraka au aliyelegea, mpeleke kituo cha afya leo hii, usingoje kumpikia kwanza.

Na kama huna friji, pika kinachoisha usiku huohuo.