Mshika Mkia Huchagua Kwanza

Safari hii sitawachosha na mota wala nyaya. Nataka kuwaeleza habari za mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na kuangushana kama mieleka, na kwa nini timu ikipigwa msimu mzima wenzetu wale hawaishushi daraja. Vumilieni kidogo, mwishoni mtaona inatuhusu.

Mimi ninakaa Kilburn. Jumapili ya tarehe 30 Oktoba 2022 nilipanda treni ya Jubilee kwenda kibaruani upande wa Wembley. Si mnajua, boksi halina Jumapili. Kutoka Kilburn hadi Wembley Park ni vituo vinne tu, lakini siku hiyo behewa lilijaa watu wenye jezi, hata pa kusimama shida. Jacksonville Jaguars, timu ya Florida iliyoanza kuleta mechi zake London mwaka 2013, ilikuwa inacheza na Denver Broncos. Nikamuuliza mzee mmoja tuliyebanana naye, timu yenu ikoje? Akacheka, akasema mwaka juzi walishinda mechi moja. Moja, kati ya 16! Nikadhani ananitania. Niliporudi nyumbani nikaangalia, kumbe kweli.

Msimu wenyewe ni ule wa 2020. Jaguars walifungua tarehe 13 Septemba kwa kuwafunga Indianapolis Colts 27-20. Baada ya hapo walipigwa mechi 15 mfululizo, mpaka kocha Doug Marrone akafukuzwa Januari 2021. Kwetu timu ya namna hiyo ingeshuka daraja bila mjadala. Hapa Uingereza nako usiseme: Sunderland ilishuka mwaka 2017, na mwaka 2018 ikashuka tena.

Ligi ile ya Marekani ina timu 32, na chini yake hakuna daraja la kushukia. Badala yake wameweka mambo matatu.

La kwanza ni drafti. Si ile yetu ya kusukuma vizibo vya soda kibarazani! Hii ni siku ya kugawana wachezaji wanaotoka vyuoni. Timu huchagua kwa zamu, raundi saba, na iliyoshika mkia ndiyo huanza. Utaratibu huu upo tangu mwaka 1936. La pili ni kikomo cha mishahara, kilichoanza mwaka 1994. Msimu wa 2020 kila timu iliwekewa dola milioni 198.2, kwa hiyo tajiri hata awe na pesa za kumwaga, hawezi kuwazoa nyota wote. La tatu, pesa za televisheni za taifa hugawanywa sawa kwa sawa, bingwa na mshika mkia.

Sasa nisameheni, uhandisi unaniwasha. Sisi tunaliita jambo hili mrejesho. Friji likipata joto, mota inawaka na kulipooza. Likishapoa, mota inazima. Kosa lenyewe ndilo linaloita dawa. Kuna mrejesho wa aina nyingine, ule wa harusini, MC akisogeza maikrofoni karibu na spika. Sauti inatoka, inaingia tena, inakuzwa tena, mpaka ukumbi mzima unaziba masikio. Ligi zetu nyingi ziko hivyo. Mwenye nacho anashinda, akishinda anapata pesa, akipata pesa anamchukua mchezaji bora wa timu ndogo. Tanzania, baada ya Mtibwa Sugar kuchukua ubingwa mwaka 1999 na 2000, mpaka msimu wa 2024/25 ni Azam peke yake, msimu wa 2013/14, iliyopenya katikati ya Simba na Yanga.

Ila msidhani drafti ni dawa ya mganga, unywe leo upone kesho. Mwaka 2021 Jaguars walichagua wa kwanza, wakamchukua Trevor Lawrence, kijana aliyekuwa akisubiriwa nchi nzima. Msimu huo walishinda mechi 3 kati ya 17, na kocha mpya, Urban Meyer, hakumaliza msimu. Walipopata afueni ilikuwa hapa hapa London, uwanja wa Tottenham, tarehe 17 Oktoba 2021. Waliwafunga Miami Dolphins 23-20 na kukata mkosi wa mechi 20 bila ushindi. Hata hivyo walishika mkia tena, wakachagua wa kwanza tena. Na utaratibu wenyewe una ubaya wake: mchezaji haulizwi anataka kwenda wapi, na kila mwaka mashabiki hushuku kwamba kuna timu zinazojifungisha makusudi.

Siku ile ya treni Jaguars walifungwa 21-17, wakawa wameshinda 2 na kupoteza 6. Nilirudi nao jioni. Saa zilikuwa zimerudishwa nyuma asubuhi yake, giza limeingia mapema, behewa kimya. Msimu ulipoisha walikuwa na ushindi 9 na vipigo 8, wakaongoza kundi lao. Tarehe 14 Januari 2023, kwenye mtoano, waliachwa nyuma 27-0 na Los Angeles Chargers, wakashinda 31-30. Mwaka 2024 wakaanguka tena, ushindi 4 tu. Ndiyo michezo. Hawakuahidiwa ushindi, walipewa nafasi nyingine.

Sasa niseme la moyoni. Wiki ile ile ya Oktoba ripoti yangu ya mwaka wa kwanza ilikuwa imerudishwa, niandike upya. Mama alipopiga simu nikamwambia masomo yanaenda vizuri. Kwenye mikutano yetu nikaacha kuja, wiki sita nzima, nikisingizia kibarua. Ninawajua wengine watatu waliofanya hivyo hivyo, na mmoja alisharudi nyumbani kabla hatujajua kwamba alikuwa na shida. Sisi tunawapa maikrofoni waliofaulu, tunawapigia makofi, nao wanazidi kufahamiana na wakubwa. Aliyefeli anakaa chumbani kwake. Hiyo ni spika ya harusini.

Mimi nilisaidiwa na dada mmoja wa Mombasa, mbele yangu mwaka mmoja, aliyekuja kubisha hodi bila kualikwa na kuisoma ile ripoti ukurasa kwa ukurasa. Mara ya pili ikapita.

Kwa hiyo ninapendekeza kila mwanzo wa muhula wakongwe waandike wanachoweza kufundisha, na orodha ianzie kwa wenye mitihani ya kurudia, wachague kwanza. Mimi nimeshaandika: hesabu na umeme, Jumamosi kuanzia saa nane mchana, kwangu Kilburn. Mwenye masomo mengi ya kurudia ndiye atakayepanga tuanze na lipi. Chai nitapika mimi.