UFAFANUZI: Kwa Nini Masuala ya Uhamiaji Hayaamuliwi na Halmashauri

Arusha

Wananchi wanaofuatilia habari za Marekani wamesikia kuwa Serikali Kuu ya nchi hiyo inakusudia kuyanyima fedha majiji na majimbo yasiyoshiriki kuwakamata wahamiaji wasio na vibali. Je, Halmashauri ya Jiji la Arusha au ya Wilaya ya Longido yaweza kukatiwa ruzuku kwa sababu kama hiyo?

Marekani ni nchi ya shirikisho. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu iliamua kuwa Serikali Kuu haiwezi kuwaamuru watumishi wa majimbo kutekeleza sheria zake, hivyo fedha zimekuwa njia ya kuyashinikiza. Amri ya Rais Donald Trump ya Januari 25, 2017 ilielekeza majiji hayo yanyimwe ruzuku. San Francisco ilifungua shauri, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ikaamua kuwa Rais hawezi kuzuia fedha hizo bila idhini ya Bunge. Mvutano huo uliibuka upya mwaka 2025.

Hapa nchini mfumo ni tofauti. Uraia na uhamiaji ni Mambo ya Muungano kwa mujibu wa Katiba, na husimamiwa na Idara ya Uhamiaji iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, ikiwa na maofisa wake mikoani, wilayani na mipakani, ikiwemo Namanga. Baraza la Madiwani halina mamlaka ya kuizuia kazi hiyo. Kinyume chake, Ibara ya 146 inazipa Serikali za Mitaa jukumu la kuhakikisha utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi.

Ruzuku nayo ina masharti yake. Utaratibu wa ruzuku ya maendeleo ulioanza mwaka wa fedha 2004/05 ulizipima halmashauri kwa vigezo vya usimamizi wa fedha na utawala bora, si kwa masuala ya uhamiaji.

Kwa hiyo, zahanati ya kata haikosi fedha kwa sababu mkazi mmoja amemhifadhi mgeni asiye na kibali. Anayewajibika ni mhusika mwenyewe, chini ya Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54, na kwa mwajiri, Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015.

Wajibu huo unawagusa pia viongozi wa mitaa na vijiji. Muhuri wanaougonga kwenye fomu ya maombi ya Kitambulisho cha Taifa ni uthibitisho kwamba mwombaji wanamfahamu. Wasimgongee wasiyemfahamu.

Hata hivyo, lafudhi, kabila au kuwa na ndugu ng'ambo ya mpaka si ushahidi kwamba mtu si raia. Familia nyingi za Longido zina jamaa Kajiado. Mwenye shaka atoe taarifa ofisi ya Uhamiaji iliyo karibu. Asimkamate mtu wala kumfukuza mwenyewe.