SR400: Pikipiki ya Japani iliyong'ang'ania kiki

Ukiendesha pikipiki, asubuhi hii unaijua: unabonyeza stata, betri imekufa, unarudi kwenye kiki. Yamaha SR400 yenyewe haikuwahi kuwa na stata ya kubonyeza. Ilitoka mwaka 1978 ikiwa ya kiki, na toleo la mwisho kwa soko la Japani, mwaka 2021, bado lilikuwa la kiki.

Injini yake imetokana na ya XT500, pikipiki ya njia mbovu iliyompa Mfaransa Cyril Neveu ushindi katika mbio za kwanza za Paris–Dakar mwaka 1979, zilizokatiza Sahara hadi Senegal. Ni silinda moja inayopozwa na upepo, kama hizi za bodaboda. Palikuwa pia na SR500, lakini hii ya cc 399 iliwafaa Wajapani kwa sababu ya leseni: ile ya daraja la kati huko inaishia cc 400.

Sasa, cc 400 katika silinda moja si mchezo. Ukipiga kiki pistoni ikiwa mahali pabaya, inarudisha kwa nguvu na kukuumiza mguu. Ndiyo maana upande wa kushoto wa usukani pana kishikio kidogo. Ukikivuta, valvu inafunguka na mgandamizo unatoka. Unakanyaga kiki taratibu ukitazama kidirisha kilicho ubavuni mwa injini. Alama ikijitokeza, ujue pistoni imevuka kilele kidogo. Hapo achia kishikio, acha kiki ipande, kisha kanyaga mpaka chini bila kusita. Mwembamba anayejua utaratibu huu ataiwasha. Mwenye misuli asiyeujua atatoka jasho bure.

Kilichotushangaza ni breki. Mwaka 1985 Yamaha waliondoa diski ya mbele wakaweka ya drumu, ili pikipiki ionekane ya kizamani zaidi. Diski ilirudi mwaka 2001. Sura ya zamani tunaipenda, lakini kwenye breki tungebaki na diski.

Mwaka 2008 masharti ya moshi yaliisimamisha. Iliporudi, kabureta ilikuwa imeondolewa na injeksheni imewekwa. Kiki haikuguswa.

Ukiletewa moja iliyotumika, mwambie muuzaji aiwashe mbele yako injini ikiwa baridi. Ukigusa ukakuta ina moto, subiri ipoe kwanza.