Saa ya Kuogelea

Aprili 2009 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi ambao ningependa ukumbukwe na kila anayepanga kujenga kitu cha kutumiwa na watu wa rika mbalimbali. Mabwawa ya umma ya England yalifunguliwa bure kwa watoto wa miaka 16 kushuka chini na wazee wa miaka 60 kwenda juu. Zilitengwa pauni milioni 140, na kila halmashauri iliachiwa iamue kujiunga au kukaa kando. Mwishoni mwa Julai 2010 mradi ulifungwa. Serikali mpya ilisema wengi wa walioingia bure wangekuja hata kama wangelipa.

Hoja hiyo ni ya hesabu, na sina ugomvi nayo. Ninalolifikiria mimi ni maji yenyewe. Kiingilio kikifutwa, bwawa haliongezeki hata pima moja. Mzee mwenye magoti mabovu anataka maji ya uvuguvugu, ngazi yenye mkono wa kushikia, na utulivu wa kumwezesha kutembea kifua kikiwa majini. Mtoto anataka kuruka, kuzama, kurusha maji na kupiga kelele, na anayo haki hiyo. Ukiwaingiza pamoja bila mpango, mmoja wao ataacha kuja, na mara nyingi anayeacha kimyakimya ni mzee. Ndiyo maana kazi halisi ya bwawa la jamii huwa ni ratiba: asubuhi ya wazee, alasiri ya wanafunzi, kamba ya kutenga njia. Shule zikifungwa, watoto huja tangu asubuhi, na ratiba hiyo hubanwa papo hapo.

Sasa tulipeleke wazo hilo la bwawa Ngumi, katika visiwa vya Wabajuni kusini ya Kismayu, Somalia. Bwawa dogo la mita 25 kwa 10, lenye kina cha wastani cha mita moja na nusu, humeza lita 375,000. Hayo ni madumu 18,750 ya lita 20. Visiwani humo maji ya kunywa ni ya kisima chenye chumvi chumvi na ya mvua iliyokingwa birikani. Atakayependekeza bwawa huko atakuwa hajawahi kubeba dumu.

Lakini haja ya kuogelea ipo, na ni kubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto walio chini ya miaka mitano. Wabajuni wana jeraha lao juu ya hilo. Vita vya 1991 viliwatoa visiwani hadi pwani ya Kenya, wengi wakakaa kambi ya Jomvu, Mombasa, hadi baadhi yao waliporejeshwa mwaka 1997. Mtoto aliyekulia kambini alikosa miaka ile ambayo wenziwe wa zamani waliitumia kujifunza mikondo ya kwao. Kuwa mwana wa wavuvi hakumfundishi mtu kuelea.

Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umeonyesha kwamba bwawa si lazima. Watoto na wanawake walifundishwa baharini, dumu tupu likiwa boya, na wasichana wakiwa wamevaa vazi linalositiri mwili mzima. Huo ndio mfano ningeupeleka Ngumi, kwa sharti moja: ratiba isiandikwe na mtu wa ofisini.

Mpango wa ofisini utasema: Jumanne, saa tisa alasiri. Jumanne ya kwanza maji yamejaa, wanafunzi wanafurahi. Saa za maji kujaa na kupwa husogea takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo Jumanne ya pili saa tisa ile ile maji yamekupwa, na mwalimu anasimama juu ya mawe makavu na madumu yake. Ripoti itaandika kwamba wenyeji hawakuhudhuria.

Mwenye kujua bahari angepanga hivi. Watoto wafundishwe maji yanapopanda, yakiwa ya kiunoni, kwa kuwa mkondo huo unasukuma kuelekea nchi kavu. Yakishuka, yanavuta kuelekea bahari kuu, na hapo mtoto asiingie. Wazee wangoje yajae yasimame, wasikanyage matumbawe, waoge katika ule muda mfupi wa utulivu kabla hayajageuka. Wanawake wapewe upande wao wa ufuko, au siku zao. Zikija pepo za kusi, masomo yapunguzwe, ufadhili uwepo usiwepo.

Na wale wazee wanaongoja zamu yao wasikae bure ufukoni. Wao ndio wanaojua rangi ya maji inapobadilika. Wapewe filimbi, na posho ya filimbi hiyo iwemo kwenye bajeti tangu ukurasa wa kwanza.