Kitovu cha Kisima cha Baharini

Hapa Malinya, ambapo watu wa mbali hutujua kwa mapigano ya mafahali, jirani yangu humwagilia sukumawiki kwa mpira mrefu uliofungwa kwenye pampu mtoni; na kila aiwashapo mashine, mpira ule huvimba na kutetemeka kama nyoka aliyemeza panya, ndipo maji yatokee upande wa pili, ilhali taa ya jikoni mwake huwaka papo hapo abonyezapo swichi. Tofauti hiyo ndiyo iliyowashughulisha mafundi wa gesi ya baharini miaka mingi.

Juu ya kisima, sakafuni mwa bahari, hukaa dude la chuma lenye vali, ambalo wenyewe huliita mti wa Krismasi, na aghalabu vali hizo hufunguliwa kwa majimaji yasukumwayo kwa shinikizo kutoka juu, kupitia kamba nene iliyokusanya mirija na nyaya, waliyoipa jina la kitovu. Shinikizo likikatika, springi huifunga vali. Mpango huo ni salama, wala siudharau. Lakini kadiri mrija urefukavyo ndivyo amri ichelewavyo na gharama ipandavyo, fauka ya kwamba mitambo mingi huyamwaga majimaji hayo baharini vali zifanyapo kazi.

Ndipo mwaka 2008 kampuni ya Total ikaweka kwenye eneo la gesi la K5F, katika Bahari ya Kaskazini upande wa Uholanzi, miti iendeshwayo kwa umeme mtupu: waya huleta amri, mota huzungusha parafujo, vali hufunguka. Vali ya usalama iliyo ndani ya kisima chenyewe ilibaki ya majimaji hadi 2016, kisima cha tatu kilipopata ya umeme. Miaka minane kwa vali moja! Lakini vali hiyo haina budi kujifunga nguvu ikatikapo, na sisi tuliozoea stima kupotea mvua inyeshapo twaielewa hadhari hiyo.

Huku kwetu mashariki mwa Afrika, gesi ya Coral Sul ya Msumbiji, iliyotoa shehena yake ya kwanza Novemba 2022, husafishwa katika meli ieleayo karibu na visima vyake, hivyo masafa si taabu. Zafarani ya Tanzania, iliyogunduliwa 2012, iko takriban kilomita 80 kutoka pwani, chini ya maji ya zaidi ya mita 2,500, na nia ni kuileta gesi hiyo nchi kavu, Lindi. Kwa masafa hayo mimi ningechagua waya.