Upasuaji wa Kupunguza Matiti: Nani Atabeba Ndoo?

Katika zahanati ya mtaani, Nyakato au kwingineko Mwanza, tatizo hili huja kwa jina jingine. Mwanamke hueleza kuwa shingo inamuuma, mabega yanawaka, mgongo haumpi usingizi. Hupewa vidonge vya kutuliza maumivu, na baada ya mwezi mmoja hurejea na maneno yale yale. Pengine hakuna aliyemwomba afungue blauzi. Angeombwa, ingeonekana mifereji miwili iliyochimbwa mabegani na mikanda ya sindiria, na chini ya matiti ngozi iliyochubuka kwa jasho na fangasi. Mhudumu wa afya ayatazame hayo mapema, kwani vidonge hivyo vikimezwa miaka na miaka hudhuru tumbo na figo, ilhali uzito uko pale pale.

Wapo wanaouhesabu upasuaji wa kupunguza matiti kuwa urembo wa wenye fedha. Kwa mwanamke wa namna hii ni tiba ya maumivu, na wengi waliofanyiwa hupata nafuu ya shingo na mgongo mapema kuliko walivyotarajia. Hata hivyo, ni vyema kuuliza mapema iwapo bima yake inaitambua kuwa tiba. Rufaa ya Kanda ya Ziwa huelekea Bugando, na huko ndiko pa kuanzia kuulizia mtaalamu wa upasuaji rekebishi.

Swali zito kuliko yote ni la kunyonyesha. Daktari huondoa mafuta, ngozi na sehemu ya tezi za maziwa, na baadhi ya mirija ya maziwa hukatika. Wapo wanaonyonyesha vizuri baadaye, wapo wanaopata maziwa kidogo, na wapo wasiopata kabisa. Hakuna daktari awezaye kutoa ahadi. Kwa hiyo anayetarajia kuzaa karibuni mara nyingi hushauriwa amalize kwanza uzazi, na aliyenyonyesha asubiri miezi kadhaa baada ya kumwachisha mtoto. Msichana ambaye bado anakua naye husubiri, maana matiti yaweza kuongezeka tena. Uamuzi ni wa mwanamke mwenyewe. Mume na mama mkwe wanaweza kusikilizwa, lakini si wao watakaolala juu ya meza ya upasuaji.

Kabla ya siku yenyewe hupimwa wingi wa damu, sukari na shinikizo, na matiti huchunguzwa kama yana uvimbe. Mwenye seli mundu, ugonjwa ulioenea sana ukanda huu wa ziwa, lazima aseme, ili timu ya usingizi ijiandae. Mvutaji wa sigara huacha wiki kadhaa kabla, kwa kuwa moshi hupunguza damu ifikayo kwenye chuchu na kidonda hukawia kupona.

Upasuaji hufanyika kwa nusukaputi, kwa kawaida saa mbili hadi nne. Chuchu hupandishwa juu ikiwa bado imeshikana na mishipa yake ya damu. Nyama iliyotolewa hupelekwa patholojia, na majibu yake yafuatwe hata kama kidonda kimepona vizuri. Mara nyingi mgonjwa hulala hospitali usiku mmoja au miwili, akiwa pengine na mirija midogo ya kutolea damu na majimaji.

Kisha huja wiki sita, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ina uzito wa kilo 20, na kuipandisha kichwani huvuta mishono yote ya kifua. Beseni la dagaa, gunia la mkaa, mtoto wa mgongoni: vyote hivyo vinahitaji mikono mingine. Kumwambia muuza dagaa “pumzika” bila kumuuliza nani atateka maji na nani atakaa kwenye meza yake sokoni ni kutoa ushauri wa nusu. Jambo hilo lipangwe kabla ya tarehe ya upasuaji, dada au jirani akitajwa kwa jina. Kutembea taratibu, kwa upande mwingine, huanza mapema, ili damu isigande miguuni.

Makovu hubaki: kuzunguka chuchu, kushuka chini, na mara nyingi kwenye mkunjo wa chini ya titi. Aliyewahi kupata keloidi, hata ile ya kutoboa masikio, amweleze daktari. Hisia za chuchu zaweza kupungua au kupotea, na mara chache sehemu ya chuchu hukosa damu ikafa. Kidonda kidogo kinachochelewa kufunga pale mishono inapokutana ni cha kawaida na hutunzwa kwa kufungwa bandeji. Homa, usaha, titi moja kuvimba ghafla au chuchu kubadilika kuwa nyeusi si mambo ya kusubiri kliniki ya wiki ijayo, wala mguu mmoja kuvimba au pumzi kubana. Mgonjwa arudi hospitali siku hiyo hiyo.

Umbo hutulia baada ya miezi sita hadi mwaka. Sindiria mpya inunuliwe wakati huo, kwa kipimo, maana ile ya mtumba iliyokuwa ikikata mabega haitamfaa tena.