Mbolea Imejaa Hewani, Bei Iko Kwenye Gesi

Fungua banda la kuku lililofungwa usiku kucha, kuna harufu itakayokuchoma pua mpaka machozi yakulengalenge. Hiyo ni amonia, na ndiyo mama wa urea, CAN na karibu kila mbolea ya nitrojeni iliyo dukani.

Nitrojeni yenyewe si adimu: asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni hiyo. Ila atomi zake hutembea mbilimbili, zimeng'ang'aniana kwa vifungo vitatu. Maharage yana bakteria wa kuyafungulia mizizini, mahindi hayana. Mwaka 1909 Mjerumani Fritz Haber aliweza kuzitenganisha maabarani, na 1913 Carl Bosch akawasha kiwanda kule Oppau. Njia yao ingali ile ile: nitrojeni na haidrojeni hupitishwa juu ya chuma kwenye joto la nyuzi 400 hadi 500, kwa mgandamizo mkubwa mno, mpaka ziungane kuwa amonia.

Gharama iko kwenye haidrojeni, ambayo viwanda vingi huitoa kwenye gesi asilia. Vita vya Ukraine vilipopaisha bei ya gesi mwaka 2022, mkulima wa Kenya aliutoa mfuko wa mbolea ya DAP wa kilo 50 dukani kwa zaidi ya shilingi 6,000.

Mwaka uliofuata, katika shamba la Morendat karibu na Naivasha, kampuni ya Marekani ya Talus Renewables ilileta mtambo unaopasua maji kwa umeme wa jua kupata haidrojeni, kisha unatengeneza amonia papo hapo, tani moja hivi kwa siku. Viwanda vikubwa hutoa zaidi ya elfu moja. Mimi kilichonivutia ni safari iliyofutwa: hakuna meli, hakuna foleni ya malori kutoka Mombasa.

Nako Australia, watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash wanaitumia lithiamu kama dalali, kwa kuwa hushikana na nitrojeni bila kupashwa moto. Mwaka 2022 walitangaza kwamba karibu mkondo wote wa umeme waliopitisha uliishia kwenye amonia. Mkondo, si nishati. Lithiamu hudai volti nyingi.

Hata hivyo, mwenye nusu ekari hawezi kunyunyiza gesi kwa mkono. Anataka chembe nyeupe za urea, na urea haitengenezeki bila kaboni dioksidi, ile ile ambayo mtambo wa jua unasifiwa kwa kutokuwa nayo.